Neno Lililomuponyoka Priscille

Siku ya tatu ya juma ilikuwa ya wagonjwa wa moyo, na siku hiyo Priscille alikuwa mukubwa kuliko munganga. Ndiyo, kuliko munganga. Ba Kapembwa, mwenye kutibu pale kwenye kituo cha afya, alikuwa Mubemba wa Kashikishi, na nusu ya wagonjwa walikuwa wakimbizi wa Kongo, watu wa Pweto na Moba na vijiji vya katikati, wenye hawakujua Kibemba ila salamu na majina ya samaki. Munganga akisema, wao wanamutazama Priscille. Wao wakisema, munganga anamutazama Priscille. Bila kinywa chake, kila mutu angerudi nyumbani na ugonjwa wake kama alivyokuja nao.

Kinywa hicho hakuzaliwa nacho, alikitafuta. Baba yake alikuwa katekista huko Pweto, akamutia kwa masista, akasoma miaka miwili ya sekondari mupaka vita ikafunga masomo. Kifaransa kilitoka huko. Kibemba alikipata sokoni Nchelenge akiuza chisense, wale samaki wadogo wakavu wenye wanapimwa kwa kopo. Alikipata kwa miezi mine, kwa sababu tumbo lenye njaa ni mwalimu mukali. Kingereza alikiokota redioni, kanisani, na kwenye maandishi ya makartoni. Watu wa kambi walisema, "Priscille akisemeza ukuta, ukuta utajibu." Yeye alicheka, akakataa, lakini alitaka warudilie. Mutu mwenye kusifiwa miguu ataanguka njiani. Mwenye kusifiwa kinywa, tunajua ataangukia wapi.

Ba Kapembwa alikuwa na namna yake ya kazi. Mugonjwa anaikala kwenye benchi, ananyoosha muguu, munganga anauminya kwa kidole gumba hapa juu ya kifundo, anangoja kidogo, anaondoa kidole. Shimo likibaki, kuna maji ndani. "Shimo hili," alikuwa anasema, "kuku anaweza kutagia mayai." Priscille anageuza kwa Kiswahili, benchi lote linacheka, hata mwenye muguu. Kisha munganga anaeleza kwa Kibemba kwamba moyo umelegea, umechoka, na Priscille anasema: "Moyo yako ilichoka, mama. Haisukume damu muzuri, njo maana maji inabakia chini." Basi. Kuchoka kila mutu anakujua. Mwenye kuchoka anapokewa muzigo, anaambiwa aikale. Watu walichukua vidonge vyao katika bahasha yenye imechorwa jua kwa asubuhi na mwezi kwa jioni, wakaenda kumeza bila kelele.

Bibi Léonie, Kambo kwa watu wa kwao, alikuja wakati wa mvua kubwa. Alikuwa ameshika viatu mukononi, kwa sababu miguu ilikataa kuingia. Mujukuu wake Chouchou, musichana mukubwa mwenye kuolewa, alitembea nyuma yake, si kando yake. Kando, Kambo hakuruhusu mutu. Mwanamuke huyu alikimbia vita kwa miguu, mutoto mugongoni na mwingine tumboni. Alizika mabwana wawili bila kutoa chozi mbele ya watu. Muhogo wake aliulima mwenyewe, akauloweka mwenyewe, akaubeba mwenyewe, na alipopita na beseni kichwani watu walimupisha njiani kama wanapisha lori.

Siku hiyo alikuwako daktari kijana kutoka boma, makao ya wilaya, mwenye anakuja mara moja kwa miezi mitatu na mashine yake katika valizi. Alimupaka Kambo kitu cha baridi kifuani, akatazama picha ndani ya kioo, akasema maneno mawili ya Kingereza. Mawili tu. La kwanza Priscille alilijua: moyo. La pili pia alilijua, alilisikia redioni kila mwaka wanapotangaza wenye kuanguka mutihani wa shule. Ba Kapembwa alikuwa amefungua kinywa ili aliweke kwa Kibemba kama siku zote. Lakini daktari alikuwa anatazama, na jile ya Priscille, kizibao cha kazi cha rangi ya machungwa, ilikuwa imefuliwa jana, na yeye alitaka ionekane kwamba Kingereza hakimupite. Akatangulia.

"Kambo, munganga anasema moyo yako ilishindwa."

"Ilishindwa na nani?"

Benchi likacheka. Kambo hakucheka.

"Uliza uyu mutoto. Ilishindwa na nani? Vita ilikuya, ikaniacha. Njala ilikuya, ikachoka, ikarudia kwabo. Bwana yangu wa pili alikuya na fimbo, fimbo ikavunjika. Sasa njo uyu akuye na ka televizyo yake mu valizi, aseme moyo ya Léonie ilishindwa?"

"Kambo, ni vile tu banasemaka..."

"Banasema nani? Ni weye ulisema."

Daktari akauliza, kwa uso muzuri, mama anasema nini.

"Anashukuru," Priscille akajibu kwa Kingereza.

Na hayakuishia hapo. Daktari alileta kartasi mupya. Alieleza kwamba mwenye kuugua moyo anaugua na mawazo pia, na mawazo yanaweza kumuua kabla ya ugonjwa wenyewe, kwa hiyo kila mugonjwa aulizwe maswali tisa juu ya majuma mawili yaliyopita. Unalala? Unakula? Vitu ulivyopenda bado unavipenda? Kambo alijibu hapo hapo: ninalala, ninakula, ninapenda. Swali la sita Priscille aliliona likikuja kutoka mbali, kama unavyoona mvua inakuja juu ya ziwa Mweru na wewe uko katikati ya maji. Mutu hana pa kujificha.

"Unajionaka sawa mutu mwenye alishindwa mu maisha?"

Kambo akamutazama.

"Tena?"

"Ni kartasi, Kambo."

"Kartasi nayo ilinijuwa wapi? Andika hapana. Na yenye kubakia, zote, andika hapana."

Ba Kapembwa akajumulisha na kuandika sifuri. Kufuatana na kartasi ile, hakukuwa mutu mwenye amani kuliko Kambo Léonie ziwa nzima.

Hakurudi tena kituoni. Lakini kila siku ya wagonjwa wa moyo alipita mbele yake. Alichagua siku hiyo makusudi, na beseni la muhogo mubichi kichwani, lile lenye maji yanachuruzika mupaka mabegani. Aliinua sauti: "Mubakie muzuri, benye kushindwa!" Benchi likamujibu kwa kicheko, mwanamume mumoja akamupigia mikono. Juma la pili alisimama kwenye muti wa mbele ya kituo, akajifanya anafunga kikwembe, kitenge chake cha kiunoni. Juma la tatu alisimama mara tatu, na kikwembe kilikuwa kimefungwa vizuri. Juma la ine alipita bila salamu. Pumzi ya salamu haikuwako. Priscille alikuwa anamugeuzia mugonjwa mwingine habari ya chumvi, akakatikia katikati, Ba Kapembwa akamuuliza mara mbili, "Umesemaje?"

Kisha Chouchou akaja, peke yake, akaikala mwisho wa benchi kama naye ni mugonjwa.

"Hajafungua bidonge, ata kimoya. Biko mu kopo ya maziwa," akasema. "Analala wa kuikala, mugongo ku ukuta, akilala chini anakosa pumzi. Chakula anaonja anaacha. Bikwembe byake bizuri alisha kugabula. Ile ya maua alipatia jirani. Nikamuuliza, Kambo, na weye utavaa nini? Anasema, 'Mutanizika na hii ya kazi, udongo haichague.' Dada Priscille, mutu mwenye aliandikiwa sifuri anasemaka vile?"

Muchana ule ule Priscille alivua jile, akaikunja, akaenda.

Alimukuta Kambo kwenye mukeka, mugongo ukutani, miguu imenyooshwa mbele, minene na yenye kungaa kama si yake. Priscille akapiga goti kama inavyofaa.

"Kambo, nilikuya kuomba musamaha. Nilikosa. Munganga hakusema moyo ilishindwa. Alisema ilichoka."

"Alisema ilichoka."

"Ndiyo, Kambo."

"Na Kingereza yake."

Hapo Priscille akasita. Kwa Kingereza, daktari alikuwa amelisema lile neno hasa. "Kingereza yabo iko mubaya, Kambo. Njo vile banaita, lakini maana yake ni kuchoka."

Kambo akacheka, kicheko cha pumzi tatu. "Unaona? Mutoto wa katekista hajuwe kubongopa. Ile ya kwanza njo ya kweli. Ilitoka mbio, haukuifikiri. Hii ya leo uliipika, na chumvi uliitia."

"Sikubongope, Kambo. Mungu ananiona."

"Anakuona, eh. Sikiya, Priscille." Sauti yake ilishuka, na haikuwa na hasira. Hilo ndilo lilimuogopesha Priscille. "Kwetu, batu babili bakipigana, na moya akishindwa, banamuinua, banamupangusa vumbi. Hakuna mwenye anamuambia, piga tena. Moyo yangu kama ilichoka, ningemeza, mwenye kuchoka anasaidiwa. Lakini ilishindwa. Nitameza juu ya nani?"

"Juu ya Chouchou."

"Chouchou njo ananifanya nibebe beseni. Asinione nimeikala." Akafumba macho. "Usimuambie. Na usirudie hapa na neno ingine. Ile moya inatosha."

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mwenye kumwaga maji anaona mahali palipolowa. Neno halina alama. Priscille alitembea mupaka barabara kubwa akilitafuta lingine katika lugha zote ine, lenye nguvu kuliko lile la kwanza, akaona kwamba hata akilipata, kinywa cha kulipeleka ni kile kile.

Basi akaamua munganga aende mwenyewe. Alimukuta Ba Kapembwa katika chumba cha dawa, ameikala juu ya kartoni, mulango umerudishwa. Hakuwa anapanga kitu. Na sasa tu Priscille akakumbuka kwamba ile habari ya kuku na mayai hajaigeuza tangu majuma mengi. Munganga anaminya, anatazama shimo, anaandika, anaita mwingine. Na suruali yake ilikuwa imefungwa kwa kamba ya kifurushi.

Alimueleza yote, kosa lake lote, bila kujipunguzia. Ba Kapembwa akasikiliza mupaka mwisho.

"Nanaka, Priscille," akasema. Nimechoka. Kisha akaongeza, akitazama kidole gumba chake kama ni cha kuazima: "Siwezi tena kula nshima."

Nshima kwao, bukari kwetu, ugali kwa wengine, ni kitu kimoja. Na kila mutu wa huku anakula namna moja: unakata tonge, unaliviringisha, unatia kidole gumba katikati ili pawe shimo la kuchotea mboga.

"Nikitia kidole, ninaona muguu," akasema. "Kila tonge. Muguu wa yule muvuvi wa Puta. Muguu wa mama wa mapacha. Niliwaminya wote, nikawachekesha wote, nikawapa vidonge, wakafa. Mama yangu anapika, anaweka mbele yangu, ninasema nilikula kazini. Hapa ninasema nitakula nyumbani."

Priscille, kwa kukosa la kufanya, akavuta kartasi ya maswali tisa juu ya meza. "Basi leo nikuulize miye," akasema, kama muchezo. Akauliza kwa Kibemba. Unalala? Hapana. Unakula? Unajua. Vitu ulivyopenda? Akatikisa kichwa. Lilipofika la sita, Priscille akakatiza.

"Uliza," akasema munganga.

"Sitaki."

"Uliza, ni kazi yako."

"Unajiona kama mutu mwenye amechoka na maisha?"

Ba Kapembwa akatabasamu kidogo, mara ya kwanza. "Haijaandikwa hivyo."

Juu ya kartasi palikuwa na musitari wa kuandika jina la mugonjwa. Musitari wa munganga haukuwako, na daktari wa boma angerudi baada ya miezi miwili, na hata akirudi, nani angemupelekea kartasi ya mutu mwenye si mugonjwa? Priscille akaikunja, akaitia mufukoni mwake.

Siku iliyofuata walienda wote wawili kwa Kambo. Munganga akapiga goti kwenye mukeka, akauchukua muguu wake juu ya goti lake, akaminya. Kidole kikazama mupaka ukucha. Alipokiondoa, Kambo alitazama shimo lile. Kituoni hakuwahi kulitazama, alikuwa anatazama mulango. Sasa alingoja lijae, na halikujaa.

Priscille akafungua kinywa, lakini Ba Kapembwa akainua mukono. Alikuwa na Kiswahili chake, kile cha kununulia samaki kwa Wakongomani, akakitumia chote.

"Mama. Moyo ya weye hapana shindwa. Nachoka. Moyo ya miye pia nachoka."

Kambo hakumutazama usoni. Alitazama mukono wenye ulikuwa umeshika muguu wake, mifupa yake, saa yenye ilikuwa imeteremuka mupaka kwenye kiganja.

"Uyu mutoto anakulaka?" akamuuliza Priscille.

Na mara hii Priscille hakutangulia, hakupika, hakupunguza. Aligeuza kila kitu kama alivyokisikia katika chumba cha dawa: tonge, kidole, shimo, muguu wa muvuvi, mama wa mapacha. Ba Kapembwa akajua kinachosemwa, akainamisha kichwa. Kambo akautazama muguu wake mwenyewe kama mutu mwenye ameambiwa mutoto wake amemupiga mutoto wa wenyewe.

"Chouchou! Leta bukari. Na ile kopo ya maziwa." Kisha kwa Priscille: "Muambie. Akikula mbele yangu, nitameza mbele yake. Bote babili. Tuone nani anashindwa."

Chouchou alikimbia. Chakula kilikuja na moshi wake, na chisense ya nyanya kando, na maji ya kunawa. Kambo akafungua kopo, akatoa bahasha, akatoa kidonge kimoja, akakishika katikati ya kiganja kilichofunguliwa, karibu na kikombe. Kidogo namna hiyo. Chouchou alikuwa amesimama mulangoni, mukono kinywani.

Ba Kapembwa akanawa. Akakata tonge. Akaliviringisha vizuri, kama mutoto mwenye alifundishwa na mama yake. Akatia kidole.

Akasimamia hapo.

"Kula, mwana," Kambo akasema. Sauti ya mashindano ilikuwa imekwisha ndani yake. "Priscille, muambie akule."

Priscille akamuambia. Akamuambia kwa Kibemba cha heshima, kisha kwa kile cha kubembeleza, kisha kwa kile mama anachosema kwa mutoto mwenye homa. Mukono uliinuka mupaka kwenye mudomo. Mudomo ulifunguka. Mukono ukarudi chini. Akaliweka tonge pembeni ya sahani, taratibu, shimo likitazama juu, akasema neno moja, chini chini.

"Nafilwa."

"Anasema nini?" Kambo akauliza.

Priscille alikuwa amesikia vizuri. Kibemba kile hakina njia mbili. Kwa Kiswahili neno lake ni lile lile moja, mutu analisema hata kwa kitu kidogo, kwa kifuniko kisichofunguka, kwa nyimbo yenye imeipita sauti. Akalitafuta lingine.

"Usiipike," Kambo akasema.

"Anasema alishindwa, Kambo."

Kambo akatikisa kichwa polepole, kama mwenye kusikia habari ya mutu wa ukoo. Alikitazama kidonge, akakirudisha katika bahasha, bahasha katika kopo, akabonyeza kifuniko mupaka kikalia. Chouchou akatoka nje. Kisha Kambo akajisogeza kwenye mukeka, kwa shida, pumzi ikimukatikia kila shibiri, mupaka akafika karibu na munganga. Akakamata mukono wake wenye bukari, akashika ncha ya kikwembe chake cha kazi, akamupangusa vidole, kimoja kimoja.

Priscille aliikala katikati yao na lugha zake ine. Bukari ikapoa. Ile siku jua likapita, na mwezi pia ukapita, na kopo halikufunguliwa.